Vyombo vya anga vikitua Boyoma

Wapenzi wa sinema hubishana hadi usiku wa manane: chombo kipi cha anga za juu ndicho kikubwa? Wanarushiana kilomita ambazo hakuna aliyezipima. Basi tuvilete Kisangani, yaani Boyoma yetu, ambako vipimo tunavyo. Tunaanza na kadogo.

6. African Queen, mashua ya filamu ya jina hilo, mita 9 hivi. Najua, hairuki. Lakini ndiyo pekee humu iliyoonja maji yetu: mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mto Ruiki, upande wa Ubundu, na mashua ikazama. Ikaopolewa, kazi ikaendelea.

5. Millennium Falcon, mita 35 hivi. Nahodha wake, Han Solo, hujisifia mwendo, si ukubwa. Ana akili: barji nyingi zinazopanda kutoka Kinshasa zinamzidi urefu, tena zina mbuzi juu.

4. Enterprise ya Star Trek, mita 289, watu 430. Watu 430 tu? Nahodha yeyote wa mto Kongo angeuliza nafasi nyingine anamwekea nani. Heri Luteni Uhura, anajua Kiswahili. Sokoni asingepandishiwa bei.

3. Executor ya Darth Vader. Hapa ndipo ngumi zilipo. Mwanzoni iliandikwa kilomita 8. Mashabiki wakasimamisha picha, wakaifanya Star Destroyer iliyo kando yake, yenye mita 1,600, kuwa rula, wakakataa katakata. Leo hesabu rasmi ni kilomita 19. Sasa njoo Bangoka, uwanja wetu wa ndege: njia ya kurukia ndege ina mita 3,500, kwa hiyo Star Destroyer mbili zinajipanga pua kwa mkia na mita 300 zinabaki kwa wachuuzi. Executor yenyewe, pua ikiwa katikati ya mji, mkia unaufikia uwanja, ulio kilomita 17 kutoka hapo. Msafiri angetembea ndani yake hadi kwenye ndege bila kulipa pikipiki.

TARDIS ya Doctor Who tumeitoa mashindanoni. Nje kibanda cha polisi, ndani hakuna mwisho: ufundi huo kila boti ya balenieri ya hapa inao, daima kuna nafasi ya abiria mmoja zaidi.

2. Death Star. Vitabu vya zamani viliipa kipenyo cha kilomita 120, vipya vinasema 160. Reli ya Kisangani–Ubundu, iliyofunguliwa 1906 ili kukwepa maporomoko, ina 125. Kwa hesabu ya zamani tunashinda kwa kilomita 5. Mimi ni mtu wa hesabu ya zamani.

1. Chombo mama cha Independence Day (1996), kipenyo zaidi ya kilomita 550. Ukingo mmoja ukiwa Kisangani, wa pili unavuka Goma, kwa mstari wa ndege. Kombe ni lake, hakuna rufaa. Kililipuliwa na watu wawili na kompyuta moja ya mkononi.