Mjomba Ameniachia Reli

Wenzangu wakirithi, wanarithi kweli. Binamu mmoja alipewa ploti Isinya, hatimiliki mkononi. Mwingine akapewa ng'ombe, na ng'ombe wa Kajiado si pesa ndogo. Mimi nikaitwa mwisho, nikaonyeshwa meza. Meza, jameni! Ya plaiwudi, ndefu hadi ukutani, juu yake tureli, tustesheni, milima ya magazeti na gundi, na gari moshi la kutosha mfuko wa koti. Nikaambiwa marehemu alisisitiza: apewe yule kijana aliyependa treni.

Nani? Mimi? Nikiwa mtoto nilimuuliza mjomba mara moja tu treni inakula nini. Swali moja! Leo ningekuwa na ng'ombe.

Mjomba alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Kajiado, tangu enzi za East African Railways kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977. Alichounda mezani ni njia yake mwenyewe, ile ya Konza kwenda Magadi ambayo Waingereza waliijenga kabla na wakati wa vita vya kwanza vya dunia ili watoe magadi ziwani. Konza huku juu, Kajiado katikati, ziwa kule bondeni. Ziwa lenyewe alilijaza magadi halisi, mabonge yaliyopakwa rangi ya waridi. Mzee hakuwa na mchezo. Labda ndiyo maana alibaki bachela.

Lori la kanta la kuileta meza Kitengela nililipia mimi. Upepo wa Isinya nao unaujua. Mlima mmoja uling'oka tukiwa njiani ukaelekea Namanga, na hatujauona tena. Kufika kwa ploti, meza haipiti mlangoni. Tukaisimamisha, haipiti. Tukailaza ubavu, haipiti. Seremala akapima kwa jicho moja, akapitisha msumeno katikati ya stesheni ya Kajiado, choo cha abiria kikabaki upande wa Konza. Wapangaji wote walikuwa nje wakitazama. Keateka akauliza, "Baba Shiru, hiyo ni biashara? Kama ni biashara, stima ni bei nyingine."

Nikasema ni urithi. Watu wakacheka hadi mama mboga akaacha kukata sukuma.

Sasa kuiwasha. Nikaita fundi stima wa mtaa. Akagusa reli na testa yake, haikuwaka. "Hakuna stima hapa, boss." Kumbe treni hizi zinatumia volti 12, na testa ya fundi inajua 240 peke yake. Akapendekeza tuondoe transfoma, tupeleke waya moja kwa moja kwa soketi. Mimi nilikuwa nishakubali. Mama Shiru ndiye aliyeng'oa plagi, akasimama mbele ya soketi na mwiko.

Halafu kuna hili jambo la vumbi. Kichwa cha treni hakina betri. Stima inapanda kupitia magurudumu: reli moja inaileta, nyingine inairudisha. Punje ya uchafu ikiingia kati, safari imekwisha. Sasa niambie wewe, kati ya miji yote ya dunia, mtu anaitoa reli ya namna hiyo Kajiado na kuileta Kitengela? Tuna vumbi la maramu, vumbi la lori za mawe, vumbi la simiti kutoka Athi River. Hapa ukipangusa meza asubuhi, mchana mtoto anaandikia hesabu zake juu yake kwa kidole. Nikachukua msasa, ule wa kukwangua mabati yenye kutu, nikasugua. Reli zikang'aa! Treni ikatembea hadi karibu na kabati, nikapiga kelele za furaha. Siku chache baadaye uchafu ulirudi na jamaa zake wote, kwa sababu msasa unaacha mikwaruzo na mikwaruzo ndiyo makao ya uchafu.

Nikaambiwa dawa yake ni spiriti na kitambaa laini. Basi nikawa wa kununua spiriti. Chupa hii ikiisha, nachukua nyingine. Msichana wa duka la dawa alianza kunitazama kwa huruma. Siku moja akaninong'oneza mbele ya foleni, "Baba, wako watu wanasaidia wenye shida hiyo." Nikamwambia ni ya treni. Akasema, "Sawa, Baba," ile sauti ya kumbembeleza mlevi. Foleni nzima ikageuka. Mmoja ni mzee wa kanisa letu.

Aliyenishauri spiriti ni mstaafu mmoja wa reli anayeishi Athi River. Nilimtafuta mwenyewe, na hiyo ndiyo siku niliyopoteza nyumba yangu. Aliingia, hakusalimia, akatoa rula. Mimi nina mvi, yeye ananiita kijana. "Kijana, hii ni reli ya nchi gani?"

Nikasema ya Kenya. Watoto wakasema ya SGR.

Akatikisa kichwa. Reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi 1899, ina upana wa mita moja kamili. SGR ya 2017 ni milimita 1,435. Hapa mezani kila kitu kimepunguzwa mara 76, kwa hiyo reli ya zamani ingekuwa kama milimita 13 na SGR karibu 19. Rula inasema 16 na nusu. Si ya zamani, si SGR, si ya mtu yeyote! Kumbe ni mambo ya Waingereza wa treni hizi ndogo. Mota haikuenea kwenye vichwa vyao vidogo, wakanenepesha treni na kuacha reli vilevile. Mzee alieleza haya yote kwa hasira huku akinitazama mimi, utadhani nilikuwa kwenye hicho kikao.

Kisha akaona Konza. Mjomba alijenga kitanzi pale, treni ikifika inazunguka na kurudi kwa njia ileile. Ndani ya kitanzi reli zilikuwa na mipasuko, myembamba, imenyooka vizuri. Mimi nilikuwa nimeiziba yote kwa risasi. Kitu kimekatika, unaunga, ama? Mzee akafunga macho. Reli ikijizungusha hivyo, ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia, stima inajigonga yenyewe, ndiyo maana transfoma yangu ilikuwa inalia usiku. Mipasuko ni ya kutenga stima, na ile swichi ya pembeni ni ya kuigeuza treni ikiwa ndani. Swichi ipi? Akatazama huku na huku. Ile ambayo Shiru anaitumia kwa mradi wa shule, Mzee.

Paka naye akachagua wakati huohuo kuruka mezani na kuondoka na behewa mdomoni. Mimi nikapiga nduru. Mzee akatulia, akasema mambo haya si mapya: stesheni ya Kima, mwaka 1900, simba aliingia ndani ya behewa akamtoa afisa wa polisi Charles Ryall, aliyekuwa amekaa humo kumvizia simba huyohuyo. Behewa lenyewe liko makumbusho ya reli Nairobi, nenda ukalione. Sawa, lakini langu liko chini ya kitanda na paka ananguruma.

Ziwa nalo sijalieleza. Mama mkwe alikuja kututembelea, mahindi ya githeri yakakataa kuiva, akauliza magadi yako wapi. Shiru, mtoto mwenye adabu, akamwonyesha. Ziwa lote likaingia sufuriani, rangi na vumbi la miaka. Mimi ningemwambia nini mama mkwe? Nilikaa, nikala, nikaongezwa.

Siku hizi treni inakwenda. Mzee huja kila Jumamosi na filimbi, anakalia kiti changu, yeye ndiye stesheni masta. Shiru ndiye dereva. Mdogo wake anauza tiketi kwa watoto wa ploti, shilingi kumi, pesa anaweka mama yake. Mimi nina kazi ya mlimani. Si unajua njia hii ilivyo mbaya, mabehewa matupu yanateremka kwenda ziwani, yaliyojaa ndiyo yanapanda kurudi Konza. Na mjomba aliuchonga mlima wima hasa. Kichwa kinafika nusu, magurudumu yanazunguka palepale. Hapo ninaingiza kidole nyuma ya behewa la mwisho, nasukuma polepole hadi juu, nikiwa nimepiga magoti.

Mzee ameshakiandika kidole hicho kwenye ratiba ya mjomba kuwa injini ya pili. Jumamosi iliyopita nilikuwa msalani, nikasikia filimbi, halafu mtoto wa keateka akipaza sauti mlangoni: "Baba Shiru! Kidole kimechelewa!"