Seva Nyuma ya Televisheni

Seva yangu ni kompyuta mpakato ya zamani, kioo kimepasuka, betri ilishakufa. Inakaa nyuma ya televisheni hapa Mbezi Luis, si mbali na stendi ya Magufuli. Kazi yake ni kuweka mtandaoni daftari la kikoba, wanachama waone michango yao bila kumgongea mhazini usiku. Mtu akichomoa waya wake apige pasi, kikoba kimefungwa.

Pasi ina nafuu. Kinachotesa ni kufikika. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitutoshi, basi watoa huduma wengi huwarundika wateja nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja: ukitoka hakuna anayekuuliza, lakini mgeni wako akibisha hodi, mlinzi hajui chumba chako, anamrudisha. Ruta yangu ilionyesha anwani inayoanza na 100.64, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya marundo hayohayo.

Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Naomba anwani ya umma."

"Ya makazi au ya posta, mpendwa mteja?"

Nikaeleza. Akaniambia nizime ruta, niwashe. Nikaeleza tena.

"Kwani kaka, unataka watu waingie kwako?"

"Ndiyo!"

"Aa, hicho ni kifurushi cha makampuni."

Bei yake ingekomba mfuko wa kikoba chenyewe.

Nikakodi kijiseva Ulaya kinipokelee wageni. Sasa mhazini, ambaye tumetenganishwa na ukuta tu, akifungua daftari, ombi lake linazama baharini, linaibukia Ulaya, linarudi nyuma ya televisheni yangu; jibu nalo linakwenda safari hiyohiyo. Na kasi ya kupandisha data ni ya kuonjeshwa: intaneti ya nyumbani tunauziwa tule, si tuwapakulie wengine.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ikakatika baharini. Mhazini akaja dirishani.

"Jirani, hela zetu zimezama?"

Nikamsomea daftari kwa sauti, jina kwa jina. Mtaa mzima ukasikia nani anadaiwa. Wiki ile madeni yalilipwa kuliko wakati wowote.

Nawe ukitaka seva nyumbani, kabla hujasaini uliza: anwani ni yangu au ya pamoja? Kupandisha ni kasi gani? Hicho kifurushi "kisicho na kikomo" kinaanza kupunguzwa kasi wapi? Mhudumu akikujibu uzime ruta uwashe, usisaini.