Hongera Hazifui Nepi

Tangu mke wangu ajifungue mapacha, sijaweza kutoka nyumbani hadi soko la samaki la Kashikishi nikiwa na jina langu mwenyewe. Wenyeji wananiita Shimpundu, na mke wangu Nampundu, kwa kupiga magoti na "mukwai" nyingi. Wakongo waliovuka Ziwa Mweru kutoka Pweto na Kilwa wananiita Baba Mapasa. (Kilwa ya Kongo ni mji, Kilwa ya Zambia ni kisiwa humu humu ziwani, na ile ya masultani usiitafute huku.) Wateja wangu wa dagaa, ambao zamani salamu yao ilikuwa bei, sasa wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, ndipo wanauliza bei, halafu wanataka punguzo. Mtu aliyebarikiwa mara mbili, wanasema, ataonaje uchungu wa kwacha kumi?

Heshima ninayo ya kumwaga. Ninachokosa ni mikono. Wilaya nzima ya Nchelenge inasherehekea mapacha wangu, kuanzia muuza vocha hadi wavuvi wa visiwani, lakini giza likiingia na watoto wakaanza kulia, kwanza kwa zamu kisha kwa pamoja, simwoni hata mmoja wa wale wapiga vigelegele.

Mimi ni mtu wa Kasanga, mkoani Rukwa, ufukweni mwa Tanganyika. Nilikuja huku nikifuata bei ya chisense, ndio dagaa wa Ziwa Mweru, wadogo na wembamba kuliko wa kwetu. Niliingilia Mpulungu, nikapanga kukaa msimu mmoja, nikaoa, na huo msimu haujaisha mpaka leo. Watoto walipozaliwa, wasichana wawili wanaofanana kila kitu, simu zikaanza. Mama yangu akaamua kutoka Kasanga kwamba ni Kulwa na Doto. Nikamwambia, mama, sisi si Wasukuma. Akasema mapacha wote ni Wasukuma mpaka ithibitike vinginevyo. Jirani yangu, Mluba wa Katanga, akasema huo ni upuuzi, mapacha ni Kyungu na Kabange. Rafiki yangu Mganda akapiga kunipongeza: kwao ningekuwa Ssalongo, na mabinti wangekuwa Babirye na Nakato. Mama mkwe hakubishana na mtu. Aliwapa majina ya marehemu wa ukoo wake, akahakikisha yameandikwa kwenye kadi za kliniki, mchezo ukaisha. Hapa nawaita Kulwa na Doto kwa sababu moja tu: mama yangu anasoma safu hii.

Siku mzazi alipotoka hospitali, akina mama wa ukweni walitupokea barabarani kwa nyimbo za mapacha. Nyimbo zenyewe siwezi kuziandika gazetini. Itoshe kusema zilinihusu mimi kuanzia kiunoni kwenda chini, zikaimbwa mchana kweupe mbele ya katekista, na katekista alikuwa anaitikia. Nilidhani nimeonewa, kumbe ni utaratibu wa watu wengi wa nchi hii. Kwa Wandembu wa Mwinilunga, upande wa kaskazini-magharibi, wanaume na wanawake hutukanana kwa nyimbo katika tambiko la mapacha liitwalo wubwang'u. Victor Turner, msomi mzaliwa wa Glasgow aliyeishi nao miaka ya 1950, alilitengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1969. Anaeleza kuwa mapacha kwao ni baraka na ni mzigo kwa wakati uleule, maana uzazi umezidi kipimo na maziwa ya mama hayakuzidi. Nimemwelewa sana huyo mzee. Hapa kwetu baraka inaimbwa na ukoo mzima, na mzigo umeachwa sebuleni kwangu.

Na sebule yenyewe ina mama mkwe. Mila za huku hazitaki mkwe na mama mkwe wazoeane ovyo. Kuna sherehe ya matebeto, ambapo ukweni wanampikia mkwe na kumletea vyakula vya kwao kwa ngoma, na adabu nyingine nyingi ambazo zilitungwa na watu wenye nyumba kubwa. Yangu ina vyumba viwili. Mama mkwe, ambaye hawezi kunisemesha moja kwa moja, na ambaye kunyamaza hawezi pia, amepata njia: anapitishia maneno kwa wajukuu.

"Kulwa, mjukuu wangu," anasema, mimi nikiwa hatua moja kutoka alipokaa, "mwambie baba yako maji ya moto yameisha."

Kulwa hasemi kitu. Namgeukia Doto. "Mwambie bibi yako mkaa umelowa."

"Kulwa, mwambie baba yako, babu yako alikuwa anapasua kuni kabla jogoo hajawika."

"Doto, mwambie bibi, baba yako hajalala tangu jogoo wa juzi."

Watoto wanasinzia katikati ya mabishano hayo. Sauti ya ugomvi wa heshima ndiyo pekee inayowalaza, na nimeanza kuamini kuwa mama mkwe anaanzisha makusudi. Sitamsema vibaya, maana ndiye anayempikia mzazi ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na ndiye anayejua kuandaa kinywaji cha munkoyo cha kuongeza maziwa. Lakini pia ndiye aliyemfunga Kulwa uzi mweusi mkononi ili tusiwachanganye, na uzi ukakatikia ndani ya beseni. Mtoto mmoja akaogeshwa mara mbili, akang'aa. Mwingine akalala na jasho lake mpaka jioni. Nilipouliza, nilijibiwa kupitia Doto kwamba aliyeogeshwa mara mbili alikuwa anahitaji.

Usiku sasa. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo mvuvi anabaki nyumbani na kulala. Ni utaratibu wa busara na umedumu. Kulwa na Doto hawautambui. Umeme nao una yake. Ukame wa 2024 ulipolishusha bwawa la umeme la Kariba, Zambia yote ilijifunza kuishi kwa ratiba ya mgao, na mimi nikajifunza kubadilisha nepi nimeng'ata tochi. Tochi ikiwa mdomoni huwezi kubembeleza. Ukiitoa ubembeleze, huoni unachofuta. Mke wangu wakati huo ameketi ukutani, mmoja ananyonya kushoto na mwingine kulia, macho yamefumba, na kila anayemaliza ananikabidhi nimpigepige mgongo mpaka abeue. Anayebeua ananibeulia begani. Shati zangu zote zina bega jeupe.

Halafu kuna mbu. Nchelenge ina sifa duniani, na sifa yenyewe ni malaria. Watafiti wameweka kambi wilaya hii miaka mingi, wanatega mbu kwa mitego ya taa ndani ya nyumba za watu na kuwahesabu. Wamegundua kuwa mwenye mji ni Anopheles funestus, mbu anayependa kuuma binadamu aliyelala ndani. Wangeniuliza mimi ningewaambia bure. Hesabu inayotumika katika kugawa vyandarua ni kimoja kwa watu wawili, na kwa watu wa kawaida ni hesabu nzuri. Chetu kinaanza na mzazi, kinamfuata Kulwa, kinamfuata Doto, na hapo kimejaa. Mimi nabaki nje ya wavu na funestus, tunatazamana.

Serikali pia zimenikalia upande. Sheria ya ajira ya Zambia ya mwaka 2019 inampa mama likizo ya wiki 14, na akijifungua zaidi ya mmoja anaongezewa wiki 4. Haki kabisa, sina neno. Baba anapewa siku 5 za kazi. Amepata mmoja, siku 5. Amepata wawili, siku 5. Akipata watatu bado ni hizohizo. Kwetu Tanzania mama ana siku 84, na kwa mapacha zinafika 100, lakini baba ni siku 3 tu, hata akiletewa timu ya mpira. Kenya angalau wanatoa wiki 2. Waliotunga sheria hizi walijua fika kuwa mapacha ni wawili walipomfikiria mama. Walipofika kwa baba nadhani walimwona amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anapokea wageni.

Mimi mfanyabiashara sina mwajiri wa kunipa hizo siku 5, ila nina ziwa. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazaliane, na mabinti zangu wakachagua kuzaliwa wiki ileile samaki walipopewa faragha. Watu wakaniambia una bahati, utakaa na watoto. Nilikaa nao. Nilikaa bila dagaa na bila mauzo, katikati ya mvua za Luapula, na nepi za kitambaa zisizojua kukauka. Kamba ilitoka mlangoni mpaka kwenye mwembe. Mvua ikinyesha tunaanua, ikikatika tunaanika, ikirudi tunaanua, mwisho tukahamia kuzikausha juu ya jiko la mkaa. Suruali yangu ya kanisani mpaka leo inanuka moshi na maziwa. Na wakati huo mama mkwe ametangaza sheria: anayewaletea mapacha kitu alete viwili, vya aina moja, rangi moja. Nilifurahi, nikidhani imewabana wageni. Kumbe wageni walikuwa wanaleta hongera, ambazo kugawa sawa ni rahisi. Kofia mbili, beseni mbili na blanketi mbili zilitoka kwangu.

Siku ya kliniki ndiyo siku Kashikishi ilipofunguka macho. Mgongo wa mama ni mmoja na watoto ni wawili, basi Kulwa akafungwa mgongoni kwa mama yake, na Doto akafungwa kwangu kwa kitenge cha njano chenye picha za tausi. Mwanaume na mbeleko, barabara kuu, saa mbili asubuhi. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama kutupiga picha, abiria wake akimhimiza asogee karibu. Mzee mmoja wa nyavu akanyanyua kichwa, akauliza kwa huruma ya kweli, "Shimpundu, wamekulisha nini huko ukweni?" Vijana wakataka kujua kama nanyonyesha pia. Akina mama ndio waliolipuka: vigelegele vikatoka kwenye meza za samaki mpaka kwenye mihogo, kila mmoja anamwita mwenzake aje aone. Muuza vitumbua aliacha karai lake motoni, akaja kunizunguka, akakagua fundo. "Umemfunga kama gunia la mahindi," akasema. Akalifungua fundo pale pale, akainamisha mgongo wangu kwa kiganja, akampandisha Doto juu, akakaza kitenge chini ya makalio yake na kufunga upya kifuani pangu, halafu akarudi kwenye mafuta yake kabla vitumbua havijaungua. Katika soko zima huyo ndiye pekee aliyegusa mtoto. Nilinunua vitumbua vyake, na bado navinunua.

Kliniki ilikuwa foleni ya akina mama na mimi. Muuguzi akaniuliza kwa upole mama yuko wapi. Nikamwonyesha nyuma yangu. Akamwandika yeye, akaniomba mimi nimshike mtoto. Doto alipoingizwa kwenye ile suruali ya mizani na kuning'inizwa, alikojoa, na foleni nzima ikashangilia. Kulwa akaonekana kumzidi mwenzake kidogo. Tulipofika nyumbani mama mkwe alitaka maelezo kuhusu tofauti hiyo, na hakuyataka kwa mke wangu. Doto ndiye aliyetumwa kuniuliza.

Utafiti uliotoka 2021 ulikadiria kuwa kila mwaka duniani huzaliwa jozi milioni 1.6 za mapacha, mtoto 1 katika kila 42, na wengi sana wako Afrika na Asia. Maana yake sisi baba wa mapacha ni jeshi. Tungeweza kuunda chama, kuchagua mwenyekiti, kudai vyandarua na likizo zetu. Tatizo ni akidi: hakuna mjumbe anayeweza kutoka nyumbani.

Machi ziwa lilifunguliwa, chisense wakaanza tena kuanikwa mchangani, na mimi nikarudi kwenye meza yangu na macho mekundu. Wageni hawajapungua. Wanatoka Kawambwa, wanatoka Mwense, wiki iliyopita walitoka Ndola, wanakula, wanawatazama watoto, wanabishana yupi mkubwa, wanaondoka kabla ya magharibi. Nawe ndugu msomaji, ukifika Nchelenge karibu sana, nyumba yetu kila mtu anaijua. Ila hongera uziache Mansa, stendi ya basi. Njoo na sabuni ya kufulia, miche miwili ya aina moja, na uje umejiandaa kulala, maana zamu ya saa nane usiku bado haijapata mtu.