Mume wa Kutoweka

Audrey Niffenegger alitoa riwaya yake The Time Traveler's Wife mwaka 2003, na tangu hapo wasomaji wanamlilia Clare. Mumewe Henry, mkutubi wa Chicago, ana hitilafu ya jeni: akibanwa kidogo na mawazo, huyoo, kachomoka kwenye wakati wake. Nguo zinabaki lundo sakafuni, mwenyewe anatua uchi mwaka mwingine na kuanza kusaka suruali ya kuiba.

Haya, pole yake. Ila sisi tunaosoma usiku huku chakula kimefunikwa mezani, ugali umeshaota ngozi, tunauliza: ajabu iko wapi? Wapo wanaotoweka Ijumaa jioni na kuibuka Jumapili jeni zao zikiwa salama salimini, tena wamevaa, wananukia sabuni ambayo nyumbani haipo. Henry angalau alileta namba za bahati nasibu zilizoshinda, mkewe akajipatia karakana ya sanaa. Wenzetu wakirudi wanauliza kumepikwa nini.

Na Clare, kwa mateso yake yote, hakuwahi kuambiwa eti simu iliisha chaji.