Tochi Inayopakwa Oili Chafu

Ifakara, oili chafu ni dawa ya kila ugonjwa: hupakwa nguzo ili mchwa wakimbie, hutiwa mnyororo wa baiskeli, na sasa imepandishwa cheo kulainisha nyuzi za kifuniko cha tochi. Sifa yake kuu ni kwamba ni ya bure. Lakini bure hiyo imetoka kwenye injini ikiwa na masizi na chembe za chuma. Ikutane na mchanga wa bonde la Kilombero, umejitengenezea msasa wa majimaji, na kila ukifunga kifuniko unazisaga nyuzi zako kwa bidii ya kibarua aliyelipwa. Mafuta ya kupikia, kimbilio la wastaarabu, yakikaa huganda yakanata. Kuacha kavu nako si ujanja: tochi nyingi ni za alumini, na alumini kwa alumini zikisuguana hung'ang'aniana, zikachunana.

Utaambiwa tochi ni rahisi, ikifa inanunuliwa nyingine. Sawa, ila nguruwe pori wakiingia kwenye mpunga usiku hawangoji duka lifunguliwe. Dawa yenyewe ni grisi ya silikoni; mwingine atasema hiyo ni anasa ya mjini. Kinachotakiwa ni kiasi cha punje ya mchele, kipimo ambacho Ifakara hakihitaji mkalimani. Vaselini hulainisha, ila huvimbisha baadhi ya mipira ya kuzuia maji. Grisi ya silikoni haina neno, labda mpira wenyewe uwe wa silikoni. Futa mchanga kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo upake.