Barua ya Wazi kwa Wenyekiti Watano wa Kambi Iliyopigwa Baharini

Kwa Waheshimiwa Wenyekiti Watano wa Kamati ya Maandalizi ya Jambori la 25 la Skauti Duniani, Saemangeum, Korea Kusini.

Shukrani zinapotolewa baada ya shughuli kubwa, desturi ni kuanza na mwenyeji. Lakini kwa shughuli ya Agosti 2023 adabu inadai atangulizwe Khanun, kile kimbunga kilichotoka Bahari ya Pasifiki na kuifanyia Kamati hisani ambayo hakuna waziri aliyethubutu kuifanya, yaani kuifunga kambi. Jambori, kwa wasiolizoea neno hili, ni mkutano mkuu wa vijana wa skauti wa mataifa yote, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka minne na ambao washiriki wake hulala katika mahema. Wapo wanaodai kwamba neno lenyewe lilichotwa kutoka salamu ya Kiswahili, "jambo", na ingawa dai hilo halina ushahidi wa kutosha, yaliyotokea Saemangeum yanaruhusu lisikilizwe upya, kwa kuwa huko jambo lilikuwako, tena si moja.

Saemangeum iko katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo, na kabla ya kuitwa ardhi ilikuwa bahari. Kwa usahihi zaidi, ilikuwa uwanda wa matope wa aina inayofunikwa na maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa, ambapo ndege wahamao walitua kwa maelfu kutafuta riziki kabla ya kuendelea na safari. Mwaka 2006 mdomo wa ghuba ulizibwa kwa ukuta ambao, ulipokamilika mwaka 2010, ulikuwa na urefu wa kilomita 33.9 na kuipokonya Uholanzi sifa ya ukuta wa bahari mrefu kuliko yote duniani. Korea Kusini iliposhinda kura ya kuandaa jambori huko Baku mwaka 2017 na kuiacha Poland mikono mitupu, mahali palipoahidiwa mahema palikuwa bado tope, na ilibidi kiwanja kijazwe ndipo kipatikane. Fedha za kukijaza zilitoka katika mfuko wa ardhi ya kilimo, kwa hiyo kiwanja kikatengenezwa kama shamba: tambarare kabisa, bila mteremko wa kuyaondoa maji. Mkulima yeyote wa mpunga, awe wa Mbarali au wa Mwea, anajua kwamba kutuamisha maji ndio uhodari wa shamba la namna hiyo. Mvua za mwaka 2023 zilipoligeuza eneo hilo kuwa madimbwi, miezi kadhaa kabla ya kimbunga chochote kutajwa, ardhi haikuwa imekosea kitu. Ilitii hati zake, na Kamati ndiyo iliyopanda watoto mahali pa mpunga.

Dawa iliyopatikana ilikuwa vichanja vya plastiki, vile vinavyotumiwa ghalani kuinua mizigo isiguse sakafu yenye unyevu, ambavyo vilitandazwa ili mahema yakae juu yake. Mbu walizaliana katika maji yaliyobaki chini. Kuhusu kivuli hapana mengi ya kusema, kwani mti hauoti juu ya bahari kwa amri ya kamati.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini, katika nchi yenye milima na misitu kiasi kile, kambi ilipelekwa pale. Mwaka 2019 mradi wa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Saemangeum ulisamehewa upembuzi yakinifu wa awali, yaani hesabu ya kupima kama faida ya mradi itazidi gharama zake, na jambori likawa miongoni mwa hoja za kuuharakisha. Vijana walipowasili, uwanja huo ulikuwa haujajengwa. Kwa mtazamo huo maskauti hawakuwa wageni hata kidogo, bali kifusi cha hali ya juu: walimwagwa pale ili jina la mahali lipate uzito na bajeti ipate pa kusimama.

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba Kamati haikuonywa, kwa sababu kufanya hivyo ni kuinyima sifa yake kubwa, ambayo ni utulivu mbele ya maonyo. Oktoba 2022, swali la joto na mvua kubwa lilipoulizwa bungeni, waziri mhusika alijibu kwamba hatua zote zimepangwa. Kambi ya majaribio iliyokusudiwa mwaka huohuo ilikuwa imekwisha kufutwa, sababu iliyotangazwa ikiwa UVIKO-19. Mwanzoni mwa 2023 wenyekiti wenza waliongezwa kutoka wawili hadi watano. Wahenga waliosema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama walikuwa wakifikiria chombo kilichong'oa nanga. Kwa chombo ambacho kila nahodha anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyeshika usukani, hawakuacha usemi.

Historia nayo ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuisoma. Jambori la mwaka 1929, lililofanyika Arrowe Park nchini Uingereza, linakumbukwa kwa matope yake; lile la Japani la 1971, chini ya mlima Fuji, lilipigwa na dhoruba ikabidi maelfu ya vijana wahamishwe; na Korea Kusini yenyewe iliandaa jambori la mwaka 1991 katika eneo la milima ya Soraksan. Kauli ya maskauti ni "Uwe tayari", na inaelekea Kamati iliielewa kuwa agizo kwa watoto peke yao.

Walikuja takriban 43,000, wengi wao wa umri wa kati ya miaka 14 na 17. Usiku wa ufunguzi zaidi ya watu 100 walihitaji matibabu, wengi kwa sababu ya joto. Vyoo vikalalamikiwa hadi Waziri Mkuu akaonekana akivisafisha kwa mikono yake mwenyewe, na hapo angalau ngazi ya uwajibikaji ilijulikana. Waingereza, ambao msafara wao wa watu wapatao 4,500 ulikuwa mkubwa kuliko wote, waliondoka kwenda hoteli za Seoul, na Wamarekani na Wasingapore nao wakafunga mizigo. Kaburi la Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, liko Nyeri nchini Kenya, na juu yake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani inayomaanisha kwamba aliyeichora amekwenda nyumbani. Katika tope la Saemangeum alama hiyo ingechorwa mara elfu kadhaa kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Tarehe 8 Agosti mabasi zaidi ya 1,000 yaliwahamisha waliobaki, na Khanun akatua siku mbili baadaye. Hata katika kuhama Kamati haikupoteza ubunifu, kwani chuo kimoja kiliagizwa kuwapokea maskauti 175 wa Yemen, kikaandaa vyumba na chakula, kisha ikabainika kwamba Wayemeni hao hawakuwa wamefika Korea kabisa. Hao ndio washiriki pekee ambao hakuna lalamiko lao lililosikika. Tarehe 11 tamasha la muziki lilifanyika katika uwanja wa mpira wa Seoul, chini ya taa na juu ya sakafu kavu, na shughuli ikafungwa.

Ombi la barua hii ni dogo. Kamati inaombwa isiwaandikie waandaaji wanaofuata ripoti ya mafanikio, bali iwatumie majibu ya maswali mawili tu: maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha, na ni nani mmoja, kwa jina lake, atakayeulizwa yasipokwenda. Jambori la 26 limepangwa kufanyika mwaka 2027 nchini Poland, katika kisiwa cha Sobieszewo, pale mto Vistula unapokutana na bahari.