Namna ya Kutazama Mashindano ya Biashara Ukiwa Ughaibuni, kwa Mtu wa Kasanga

Ukisikia chuoni kwenu kuna wanafunzi wanashindana kutatua tatizo la kampuni, nenda. Mara nyingi hakuna kiingilio, na utaona vijana waliolala saa mbili tu wakijibu maswali ya mameneja bila kutetereka. Ni mchezo mzuri kabisa, na mtu aliyekulia Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, anaweza kuufaidi kuliko majaji.

Ujue kwanza unavyochezwa. Timu, aghalabu ya watu wanne, hupewa maelezo ya tatizo la biashara, ikafungiwa chumbani saa chache au siku nzima, kisha ikapanda jukwaani na slaidi zake. Asili yake ni darasani: Harvard waliandika kisa chao cha kwanza cha kufundishia mwaka 1921, kuhusu kampuni ya viatu. Leo kila bara lina mashindano yake.

Slaidi za mwanzo ni za mapambo, kwa hiyo tumia muda huo kumalizia chai yako. Likija jedwali la mapato ya miaka mitano, weka kikombe chini. Litapita upesi, na ndilo limebeba mpango mzima.

Siku kikija kisa cha wavuvi wa Afrika, usikae nyuma. Tuseme kampuni inataka kuuza majokofu ya sola kwa mkopo kando ya ziwa. Utaonyeshwa mvuvi anayetabasamu na mstari wa mauzo unaopanda tu, mwezi hadi mwezi. Hapo kumbuka Kasanga. Kumbuka akina mama walioanika dagaa mchangani, wingu linatokea upande wa Zambia, kila mtu anakimbilia turubai, na ndoo ya dagaa walioloa jioni haina bei ya asubuhi. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Jokofu la mkopo halisimamishi marejesho miezi hiyo. Mstari ule ulipaswa kulala chini miezi mitatu, na kama haukulala, hawa vijana hawajaongea na mvuvi hata mmoja.

Basi nyoosha mkono. Usianze kwa kueleza unatoka wapi, wala usihutubie. Mtu akihutubia, mwendesha kipindi humnyang'anya kipaza sauti. Uliza tu: "Ziwa likifungwa, mteja wenu analipa kwa fedha gani?" Kisha kaa, uwaache wafikiri. Wakijibu vizuri, piga makofi kwa nguvu, maana jibu zuri la swali hilo linahitajika Kasanga kweli.

Na wapo wanaojibu vizuri. Mwaka 2016 wanafunzi wa Earlham College, chuo kidogo cha Indiana, walishinda shindano la Hult Prize na dola milioni 1 kwa Magic Bus, huduma ya kukata tiketi ya basi kwa ujumbe wa simu, bila intaneti. Mmoja wao alikuwa Mkenya, na kabla ya fainali huduma ilikuwa imejaribiwa Nairobi kwa abiria wenyewe. Timu ya namna hiyo utaitambua mapema: inataja nauli kamili, inajua kituo gani kina foleni, na ikiulizwa swali gumu haitafuti slaidi.

Matokeo yakitangazwa, washindi watazungukwa na wapiga picha. Wewe wafuate walioshindwa, hasa wale wa majokofu. Wana njaa na hawana haraka. Waombe faili la hesabu zao, kaeni mezani, mwagize chakula, na uwasaidie kuweka bei halisi ya dagaa, ya migebuka, na nauli ya gari kutoka Kasanga kupitia Matai hadi Sumbawanga. Usipoijua bei ya leo, mpigie simu shangazi yako sokoni mkiwa bado mezani, uweke sauti ya nje ili wamwulize wenyewe.